Joto la Ukuta wa Nyuma

Mashine za baridi kumi na moja za ukuta ule nilizifunga mimi. Nalisema mapema, maana nimechoka na watu wanaoanza kila habari kwa makosa ya wengine. Nne za kwanza nilizifunga mwaka 2012, hoteli ilipofunguliwa pale Hai Amarat, Juba. Nyuma ya ukuta kulikuwa na nyasi, punda wa muuza maji, na mwarobaini mmoja uliopinda. Mwenye hoteli aliniambia, "Ezbon, mbele nataka pawe pazuri. Mavyuma yako peleka nyuma." Nikapeleka nyuma. Sikuuliza kama nyuma ya hoteli itakuja kuwa mbele ya mtu mwingine.

Mwarobaini ulikatwa 2014. Aliyeukata namkumbuka, na hata shoka aliloazima nalikumbuka. Mashine zikawa saba, zikawa tisa, zikawa kumi na moja. Na mwaka 2019 likaja kontena.

Kontena lenyewe ni la futi ishirini, chuma kitupu, limekodiwa na Josline, mwanamke wa Mbale mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Analea watoto wachanga wa wanawake wanaopika, wanaofua na wanaofagia katika mahoteli ya Amarat. Asubuhi wanamletea, jioni wanachukua. Mlango na dirisha lake vilikatwa upande wa ukuta wa hoteli, kwa sababu upande wa pili kuna mtaro wa maji machafu na vumbi la malori. Kutoka mlangoni mpaka chini ya mashine zangu ni hatua tatu. Nimezipima.

Kama hujui mashine ya baridi inavyofanya kazi, nitakuambia, ndiyo kazi yangu tangu uhamishoni Uganda. Watu hudhani inatengeneza baridi. Hakuna mtu aliyewahi kutengeneza baridi. Mashine inabeba joto la chumbani na kwenda kulitupa nje, pamoja na joto la jasho lake yenyewe. Ukisikia chumba kimepoa, jua kuna mahali pamepata moto zaidi. Kila baridi ina jirani yake.

Hilo nilikuwa nalijua. Shida ni kwamba nilikuwa nalijua kwa mdomo.

Basi ikaja Machi ile, joto likapanda mpaka serikali ikafunga shule. Redioni wakasema watoto wakae ndani. Ndani ya nini? Nyumba nyingi Gudele ni bati, New Site ni bati, Amarat nyuma ya mahoteli ni bati na kontena. Aliyeandika tangazo lile aliliandika chini ya mashine ya baridi, na nitashangaa sana kama si mimi niliyeifunga.

Jumanne Josline akanipigia.

"Mzee, kuja na ile waya yako ya kupima moto."

"Friji imekufa?"

"Friji gani? Ni mtoto."

Nikapanda bodaboda. Kipimajoto changu cha kazi kina waya mrefu wenye ncha ya shaba, nakitumbukiza kwenye majokofu ya watu. Kivulini nje kilisema arobaini na mbili. Ndani ya kontena kilisema arobaini na sita. Watoto sita walikuwa kwenye mkeka. Watano wanalia. Mmoja halii, na huyo ndiye aliyenitia hofu. Jina lake Jubek, miezi saba, mtoto wa Lilly anayesafisha vyumba ghorofa ya pili ya hoteli hiyo hiyo. Alikuwa amelala macho nusu, midomo imekauka kama ganda la karanga.

"Ameloanisha nguo mara moja tu," Josline akasema. "Alfajiri. Hapo tangu, hapana."

"Kliniki je?"

"Mimi nimempeleka jana. Wamenipa ile chumvi ya kuchanganya na maji. Dakitari anasema, mama, huyu mtoto weka yeye mahali pa baridi. Mimi nikamwuliza, mahali pa baridi iko wapi? Akacheka. Banange, alicheka!"

Mtoto mchanga si kitu kigumu kukielewa. Anapata joto, anatoa joto, kama chungu, kama mlima, kama dunia nzima. Lakini hewa ikiwa na moto kuliko damu yake, kuta zikiwa na moto kuliko damu yake, hana pa kulitupia. Kimebaki kitu kimoja tu, jasho. Maji yote ya mwili yanakimbilia kwenye ngozi, na ya kukojoa hayabaki. Nguo kavu ya mtoto katika joto si usafi. Ni hatari.

Niliwahi kuiona nguo kavu. Mwaka 1994, kambini, mtoto wa dada yangu aliitwa Ketty. Zahanati ilikuwa hema la plastiki la buluu, ndani yake huwezi kuvuta pumzi. Alikaa siku mbili, nguo kavu, halafu akafa, na muuguzi akaandika malaria. Nilimwambia si malaria. Akanionyesha fomu. Ilikuwa na kisanduku cha malaria, cha kuhara, cha surua. Cha joto hakikuwepo. Nilikuwa kijana, nikarudisha fomu kwa adabu. Adabu ile inaniuma mpaka leo.

"Kontena tunalipaka chokaa," nikamwambia Josline. "Leo hii."

Nikamwita Waiswa, Msoga anayeuza rangi na misumari kona ya pili. Akaja na mifuko miwili ya chokaa na brashi za ufagio, na mdomo wake pia akaja nao.

"Mzee, mbona tunapaka kontena kama kaburi ya padri?"

"Paka, nitakuambia."

"Niambie nikipaka. Mkono na masikio ni vitu mbalimbali."

Basi nikamwambia, tukiwa juu ya bati linalochoma magoti kupitia magunia. Nilimwambia yale niliyoyasoma kwenye kitabu changu. Kitabu hicho sikukinunua. Mwanamke mmoja pale Bweyale, uhamishoni, alikuwa akifungia karanga kwa kurasa zake, kitabu cha sayansi kutoka shule iliyofungwa. Nilikula karanga miezi minne mpaka nikapata karibu sura nzima ya jua na sayari. Ukurasa wa 114 ninao. Wa 115 alifungiwa mtu mwingine, na karanga zake.

"Jua," nikasema, "linaipiga dunia upande mmoja tu. Lakini dunia inatoa joto pande zote, mchana na usiku, juu, chini, huko gizani. Kinachoingia na kinachotoka lazima vilingane."

"Na visipolingana?"

"Kikiingia zaidi, dunia inazidi kupata moto. Na kitu kadiri kinavyopata moto, ndivyo kinavyotoa kwa nguvu zaidi. Kinapanda, kinapanda, mpaka kinachotoka kinafikia kinachoingia. Hapo kinatulia."

"Sasa si vizuri? Kimetulia."

"Waiswa, hata Zuhura imetulia. Ile sayari imejifunika blanketi la hewa nzito, joto linashindwa kutoka. Imetulia kwenye nyuzi mia nne na sitini. Risasi inayeyuka huko. Kutulia si habari. Habari ni umetulia wapi."

Waiswa akatazama chini, kwenye bati. "Na hii imetulia arobaini na sita."

"Ndiyo. Rangi yake ni kahawia, inameza jua lote. Tukiipaka nyeupe, jua linarudishwa kabla halijaingia. Itatulia chini zaidi."

"Mzee, wewe ulipaswa kuwa waziri."

"Usinitukane."

Jioni kabla watoto hawajachukuliwa, niliweka kiganja juu ya bati na kikakaa. Ndani, kipimajoto kilisema arobaini na mbili na nusu. Jubek alikojoa, kidogo, rangi ya chai ya rangi, lakini alikojoa. Lilly alipotoka kazini na kusikia, alipiga magoti nje ya mlango na kuishika miguu ya Josline. Mimi nilisimama pembeni nikijisikia mkubwa. Sitaficha. Nilitembea mpaka nyumbani Gudele kwa miguu, nikisalimia watu nisiowajua.

Kabla ya kuondoka nilitoa amri moja. "Kesho mlango uwe wazi siku nzima. Dirisha pia. Joto lililoingia lipate pa kutokea."

Amri yangu. Ya fundi aliyesoma mpaka ukurasa wa 114.

Jumatano saa sita na nusu mchana simu ikalia. Josline hakusema kitu cha maana, alisema tu "Mzee, mzee, mzee." Nilimkuta ameketi mlangoni na Jubek mapajani, anamwekea maji mdomoni kwa kijiko, na maji yanatoka pembeni. Nilitumbukiza waya. Nikatazama. Nikaupangusa waya kwenye shati, nikatumbukiza tena.

Arobaini na tisa.

"Haiwezekani," nikasema. "Rangi ipo. Jua ni lile lile la jana."

"Mimi nimefungua mlango kama umesema. Tangu asubuhi iko wazi."

"Amekojoa?"

"Hapana. Tangu jana usiku kwa mama yake. Hapana."

Lilly alikuwa ghorofani. Kila siku hushuka saa nne na saa saba kumnyonyesha, lakini siku hiyo wasafishaji walikatazwa kutoka kwa sababu ya wageni. Tulimwona dirishani, amejibanza nyuma ya pazia, anatuuliza kwa mkono. Josline akamwinulia mtoto amwone. Lilly akaweka kiganja kwenye kioo.

Nikasimama pale mlangoni, na ndipo nikahisi upepo shingoni. Upepo, mwezi wa Machi, saa sita, Juba! Hakuna upepo. Niligeuka. Mashine kumi na moja zote zilikuwa zinazunguka, hata zile tano za ukumbi mkubwa ambazo Jumanne zilikuwa zimelala. Ule haukuwa upepo wa Mungu. Niliinua waya mpaka usawa wa mapanga ya feni. Hamsini na sita. Na zote zilikuwa zinapuliza kwenye mlango nilioamuru ufunguliwe.

Niseme nini. Nilihesabu jua, nikasahau mikono yangu. Ukurasa wa 114, mstari wa mwisho kabisa, unasema hesabu hii ya jua na sayari ni kweli, isipokuwa pale ambapo. Basi. Unaishia hapo. Miaka thelathini nimejiuliza pale ambapo nini. Baadaye sana nilisikia kwamba Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, hutoa joto zaidi ya lile inalopokea kwa jua, kwa sababu ina moto wake ndani, na sikulitilia maanani. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya Mshtarii wa ghorofa tatu, wenye vigae vya kung'aa upande wa mbele.

"Funga mlango," nikamwambia Josline. "Funga dirisha."

"Tutakufa humo!"

"Funga nusu tu. Weka shuka lenye maji. Nakuja."

Meneja wa hoteli ni Silvester. Ni mtoto wa kwetu, lakini alikulia Nakuru, na anapotaka kukudharau hutumia Kiswahili cha huko. Nilimkuta mapokezini amevaa koti. Koti! Nyuma yake kulikuwa na kitambaa kikubwa kilichotandazwa ukutani: warsha ya siku tatu kuhusu joto na miji yetu.

"Silvester, zima mashine za nyuma. Saa moja tu."

"Mzee Ezbon. Si leo. Leo niko na wageni mia moja."

"Kuna mtoto anakaukia kwenye kontena. Joto la wageni wako linamwingilia mlangoni."

"Kontena si yangu."

"Mtoto ni wa mfanyakazi wako."

"Nikizima hizo, hawa watu wanatoka. Wakitoka, kesho wako hoteli ingine. Unaelewa hiyo?"

"Watatoka jasho. Jasho haliui mtu mwenye chupa ya maji mezani. Silvester, sikiliza, kila kinachopokea joto lazima—"

"Mzee wangu, hiyo stori ya sayari peleka redio." Akainamia kaunta, akateremsha sauti. Alitabasamu, na tabasamu lile sitalisahau. "Na si ni wewe ulizifunga hapo? Ukaniambia hapo ndio poa. Hata sahihi yako iko kwa fomu."

Damu ilinipanda. Kwa sababu ilikuwa kweli. Ningeweza kumvumilia mtu anayenisingizia, hao nimewazoea.

Nilitoka nikazunguka nyuma. Mwisho wa ukuta kuna kisanduku cha swichi, na ufunguo wake ninao tangu 2012, hakuna aliyewahi kuniomba. Nilikuwa nimeshaupata mfukoni. Nilikuwa naona jinsi itakavyokuwa: kimya cha ghafla, feni zinapunguza mwendo, watu mia wenye makoti wanatoka uani wakijipepea, na mimi nimesimama juu ya ngazi ninawaambia. Hotuba yenyewe ninayo tangu 1994. Haijapungua neno.

Josline akanishika mkono. Waiswa alikuwa nyuma yake, amekuja mbio na jagi la maji.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nazima."

"Ukizima, nani ataulizwa? Wewe? Wewe utaenda Gudele. Watasema ni wanawake ya kontena. Watafukuza Lilly, watafukuza mama wa Awut, watafukuza wote. Kesho watoto watakula nini?"

"Josline, mtu lazima aanze kuwaonyesha—"

"Mzee, wewe unataka kushinda. Mimi nataka mtoto akojoe."

Nikaurudisha ufunguo mfukoni.

"Dakitari amesema mahali pa baridi," Josline akaendelea, na sasa alikuwa anajifunga leso kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kupigana. "Mahali pa baridi ni hapo. Nyuma ya hii ukuta. Wewe miaka yote umehamisha joto. Mimi nahamisha watoto."

"Hawatakubali tuingie."

"Nani amesema tunaomba?"

Aliingia kontena akatoka na mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Waiswa akapewa wawili, akawabeba kama magunia ya saruji, mmoja kila bega, akilalamika kwamba yeye ni mtu wa misumari. Mimi nilipewa Jubek. Alikuwa mwepesi na wa moto. Awut, wa miaka miwili, anayejua kutembea, akashika suruali yangu. Tukazunguka jengo, kupitia barabarani, kwenye jua, hatua mia moja na ishirini kufika mahali palipokuwa hatua tatu.

Mlangoni yuko askari, Kuany, mrefu kama nguzo ya simu. Akautandaza mkono.

"Ya mama, hawa wote wanaenda wapi?"

"Warsha," Josline akasema.

"Wamejiandikisha?"

"Inazungumza juu ya joto?"

"Naona hivyo imeandikwa."

"Basi hawa ndio wanaozungumzwa. Sogea."

Kuany akamtazama Jubek mikononi mwangu. Akatazama barabara, kama kuna kitu muhimu sana huko. Mkono ukashuka.

Ukumbi ulikuwa na nyuzi kumi na nane. Nilipima, ndiyo, mkono mmoja na mtoto, mkono mmoja na waya, siwezi kujizuia. Watu mia wamekaa kwenye meza za vitambaa vyeupe, wengine wamejifunika mabega kwa mashali. Mbele kuna kijana na kijiti chake, na kwenye ukuta picha ya dunia yenye mishale: ya njano inaingia, myekundu inatoka. Niliitambua. Ni picha ya ukurasa wa 114, ila ya rangi, na bila mafuta ya karanga.

Akanyamaza. Wote wakageuka.

Hapo ndipo, ndugu zangu. Hapo ndipo pa hotuba. Nilivuta pumzi. Nilifungua mdomo.

"Nyamaza, mzee," Josline akanong'ona. "Huyu amelala."

Akaketi sakafuni chini ya ukuta wa nyuma, akawapanga watoto juu ya leso mmoja mmoja, bila haraka, kama anapanga nyanya sokoni. Waiswa akashusha wake. Nami nikaketi, Jubek mapajani. Ngozi yake ilianza kupoa chini ya vidole vyangu, halafu akatetemeka. Kutoka arobaini na tisa kwenda kumi na nane ni safari ndefu kwa mtu wa miezi saba. Mama mmoja wa meza ya karibu, mtu mzima, miwani kwenye mnyororo, akavua koti lake bila kusema neno akamfunika. Mwingine akasukuma chupa ya maji kwa mguu.

Lilly aliingia na fagio mkononi. Alikimbia ngazi zote. Aliliacha fagio likaanguka, likapiga kelele kwenye vigae, akaketi, akamchukua mtoto, akageukia ukuta na kumnyonyesha. Mwanzoni hakushika. Tulisikia sote kwamba hakushika; ukumbi mzima ulikuwa kimya namna hiyo. Mara ya pili hakushika. Mara ya tatu nikasikia ile sauti ndogo ya koo.

Silvester akafika. Alisimama mlangoni, uso umevimba, akatutazama sisi, akawatazama wageni wanaomtazama yeye. Aliukaza mdomo. Akaunda tabasamu. Nililiona likiundwa, kipande kwa kipande.

"Karibuni," akasema. "Kuna viti."

Hatukuhama. Yule kijana wa kijiti akakohoa, akauliza kama aendelee, mtu akamwambia aendelee. Akaendelea kueleza kinachoingia na kinachotoka, sasa kwa sauti ya chini, na macho yake yanakuja nyuma kila mara. Alisema vizuri, sina ugomvi naye. Aliruka tu jambo moja, lile la ukurasa wa 115. Labda naye alifungiwa karanga.

Dakika arobaini zilipita. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Lilly hakuruhusiwa wala hakukatazwa, aliketi. Josline alikuwa ameingiza mkono chini ya koti la yule mama na kuuacha pale, anasubiri, macho yamefumbwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Mimi nilikuwa namkumbuka Ketty. Nilikuwa nahesabu saa: tangu jana usiku, saa kumi na tano. Kumi na sita.

Josline akafumbua macho.

"Amekojoa!"

Sauti yake ile ya kuamsha mtaa. Kijiti kikaanguka kule mbele. "Amekojoa! Mzee, gusa! Gusa hapa!"

Nikagusa. Koti lilikuwa limelowa, la moto, limelowa kweli kweli, mpaka kwenye bitana. Lilly alianza kulia kwa namna ya watu waliozoea kulia kimya. Waiswa akamwambia yule mama wa miwani, "Mama, pole, koti imeharibika," naye akasema haijaharibika, akaligusa mwenyewe, kama sisi, kwa vidole viwili.

Na mimi, mwenye hotuba ya miaka thelathini, nilikaa sakafuni na mkono uliolowa mkojo.

Usidhani iliisha hivyo. Silvester hakumfukuza Lilly kwa sababu watu mia walikuwa wanatazama. Moyo haukuhusika. Watoto walikaa nyuma ya ukumbi siku mbili zilizobaki, na warsha ilipofungwa, ruhusa nayo ikafungwa. Siku iliyofuata nilimpelekea karatasi. Niliandika kwamba nilikosea mwaka 2012, na kwamba nitazihamisha mashine zote kumi na moja kutoka ukutani kwenda juu ya paa, ambako joto lake litapanda angani, huko linakokwenda joto la sayari zote, na halina mlango wa mtu wa kupitia. Mabomba na kazi juu yangu. Atoe ruhusa tu. Alikaa na karatasi wiki moja. Yule mama wa miwani alikuwa amempigia simu mara mbili, nilikuja kujua. Akatia sahihi.

Nimehamisha saba. Za ukumbi zote tano, na mbili za ofisi. Ndani ya kontena kwa siku ya jua kali kipimajoto sasa kinasema thelathini na tisa, arobaini. Bado ni chuma. Bado ni watoto sita. Jubek anatambaa, na jina langu kwake ni kipimajoto. Akiniona anadai waya.

Halafu mvua zikaanza, Juba ikapoa, na watu wakasahau. Nikienda hotelini Silvester ananiambia, "Mzee, ya nini haraka? Si kumepoa?" Hata Josline anasema nipumzike magoti. Waiswa ananiuliza kama nalipwa na mawingu.

Mimi najua Machi inarudi. Mwarobaini ulikatwa, nami nilikuwepo. Hema la buluu lilikuwepo, nami nilikuwepo. Jua halijapunguza kitu. Ukuta wa nyuma una mashimo ya skrubu za mashine saba, niliyoyaziba kwa saruji, na mashine nne bado zinapumua kuelekea mlango wa watoto. Jumamosi nitakuwa pale, mvua inyeshe isinyeshe. Ngazi ni yangu.